Mzee katolewa uvimbe wa kongosho, hii namba ya CA 19-9 mnaisomaje?

#1 MtotoWaPongwe

Wakuu, wakubwa shikamooni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke mpaka kwenye swali kule chini.

Mwaka jana katikati ya mfungo mama aligundua macho ya Mzee yamekuwa ya njano. Ilikuwa asubuhi, Mzee kakaa barazani anakata kucha, jua limempiga usoni. Kabla ya hapo tulishaona mambo mengine tukayapuuza: mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa, choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na muwasho. Muwasho ndio uliomtesa zaidi. Usiku alikuwa akiinuka anajikuna mgongo kwenye mwimo wa mlango kama ng'ombe kwenye nguzo. Ule mwimo mpaka leo una sehemu imelika rangi, inang'aa.

Tukapima malaria, hamna. Homa ya ini, hamna. Ultrasaundi ikaonyesha mfuko wa nyongo umejaa na mrija umetanuka. Siti skani ikaonyesha uvimbe wa sentimita 2.6 kwenye kichwa cha kongosho. Daktari akaandika vipimo vya damu, kimojawapo CA 19-9, kinachotumika kufuatilia saratani ya kongosho. Jibu likaja 1,136. Pembeni ya karatasi pameandikwa kawaida ni 0 hadi 37.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuipiga picha ile karatasi na kuirusha kwenye kundi la ukoo. Binamu yangu, mwalimu wa hesabu, akagawanya akasema ni mara thelathini ya kawaida. Jioni ami yangu anapiga kutoka Muscat, analia, anauliza Mzee ameusia nini. Mzee mwenyewe yuko ndani anakula uji.

Wakamwekea stenti, kijibomba cha kufungua njia, kwenye mrija wa nyongo, ile inayopitishwa kwa kamera ya mdomoni. Wiki ya tano macho yakawa meupe, muwasho ukakata, wakarudia kipimo: 164. Hakuna kemo (dawa za saratani) aliyopewa, hakuna kisu kilichomgusa. Ami akasema ni dua, na mimi dua siikatai, lakini daktari alisema jambo moja lililonikaa kichwani: "Ile ya kwanza ifuteni. Ile ilikuwa namba ya nyongo, si ya uvimbe."

Akafanyiwa upasuaji mkubwa wa kutoa kichwa cha kongosho, muda wa saa saba chumba cha upasuaji. Wiki ya saba baada ya hapo namba ikawa 22. Akapiga kemo miezi sita, ikawa 19, halafu 24. Sasa hivi ni mwezi wa kumi na nne tangu upasuaji. Juzi tumepima: 61.

Ila mara hii tumepima maabara nyingine, maana ile ya siku zote walituambia vitendanishi, zile kemikali za kupimia, vimeisha.

Swali langu: hii 61 ndiyo ugonjwa umerudi? Na zile namba za kabla na baada ya kisu zinasema nini kuhusu muda alionao Mzee? Mama hajalala tangu juzi.

#2 Kigogo_cha_Mnazi

Pole sana mkuu. Nakaa hapa pembeni nijifunze, shemeji yangu ana tatizo hilohilo.

#3 Mpiga Mbizi

Tusidanganyane jamani. Kansa ya kongosho hakuna anayetoka. Mpelekeni nyumbani apumzike, hizo hela za vipimo zitawasomesha wajukuu.

#4 FundiDarubini

Mleta uzi, mimi niko maabara mwaka wa kumi na moja sasa. Nianze na hiyo 61 kabla hujamwambia mama neno lolote.

CA 19-9 haipimwi kwa mizani moja dunia nzima. Kila kampuni ina mashine yake, kingamwili zake na namna yake ya kusawazisha vipimo. Damu ileile moja ukiigawa ukapeleka mashine mbili, moja inaweza kukupa 25 na nyingine 50, na wala hakuna mashine mbovu hapo. Ndiyo maana anayefuatiliwa baada ya upasuaji anatakiwa apime maabara moja, mashine moja, na akibadilisha apimwe pande zote mbili siku moja ili ajue tofauti iko wapi. Kwa hiyo hiyo 61 huwezi kuipanga msitari mmoja na 22, 19 na 24. Ni kama umepima urefu wa mtoto kwa futi mwaka jana, mwaka huu kwa sentimita, halafu ushangae alivyokua.

Swali la pili: Mzee anatumia vidonge vyovyote vya nywele, kucha au "kuongeza nguvu"? Vingi vina biotini, aina ya vitamini B. Mashine kadhaa zinatumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, na mtu aliyemeza dozi kubwa jibu lake linapotoka. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2017. Kwa vipimo vya aina ya CA 19-9 mara nyingi inashusha jibu, kwa hiyo hapo hofu yangu ni namba nzuri ya uongo. Uliza tu.

Na la tatu: sukari yake ikoje? Aliyekatwa kongosho wengi sukari inawapanda, na sukari isiyodhibitiwa nayo inaweza kuisukuma CA 19-9 juu kidogo.

#5 MtotoWaPongwe

FundiDarubini Mungu akuweke mkuu. Vidonge hatumii, ila sukari kweli imekuwa ikicheza tangu mwezi uliopita, asubuhi inafika 13. Alianza kunywa juisi ya miwa akasema inamrudishia mwili.

#6 Bi Shungi

Assalaam alaykum. Mimi niko Mombasa, na nimesoma uzi huu mara mbili kwani sisi yetu ni kinyume chake.

Mamangu alifanyiwa upasuaji huohuo miaka miwili nyuma. Kabla ya upasuaji CA 19-9 yake ilikuwa "chini ya 2". Baada ya upasuaji, chini ya 2. Kila miezi mitatu, chini ya 2. Sisi nyumbani tukawa twapika pilau kila tukipata majibu. Dadangu alikuwa na daftari, ameandika 2, 2, 2, 2, na kila moja amechora kijiua pembeni.

Mwezi wa tisa mama akaanza kuumwa na mgongo, maumivu yamzunguka kama mkanda. Tukaambiwa ni mifupa ya uzee, namba si iko sawa? Akapewa dawa za kupaka. Kwenda kufanyiwa skani, uvimbe umerudi palepale kwenye mishipa, na ini lina madoa mawili. Wakapima CA 19-9 siku ileile. Chini ya 2.

Sijui nani wa kumlaumu. Nataka kujua tu, kipimo gani hiki?

#7 FundiDarubini

Bi Shungi, pole sana dada yangu. Hili mngepaswa kuambiwa siku ya kwanza mlipoona ile 2 wakati uvimbe uko tumboni.

CA 19-9 si sumu ya saratani. Ni sukari. Kwa jina lake la kitaalamu ni Lewis a yenye asidi ya sialiki, na hata wewe na mimi tunayo kidogo, inakaa juu ya seli za mirija ya kongosho na ya nyongo. Waliogundua kingamwili yake ni kundi la Hilary Koprowski kwenye taasisi ya Wistar, Philadelphia, mwaka 1979, na walikuwa wakihangaika na saratani ya utumbo mpana, wala si kongosho. Waliwadunga panya seli za saratani wakavuna kingamwili, moja yao ikabeba namba 19-9, jina likabaki hivyo.

Sasa ili mwili uunde ile sukari unahitaji kimeng'enya kinachotoka kwenye jini iitwayo FUT3, jini hiyohiyo inayoamua kundi la damu la Lewis. Kuna watu wamezaliwa bila hicho kimeng'enya. Ni wazima kabisa, hawana ugonjwa wowote kwa sababu hiyo, ila CA 19-9 hawaundi, hata uvimbe uwe mkubwa kama embe. Kwa wazungu ni kama watu 5 hadi 10 kwa kila 100. Kwa watu weusi wa Marekani ni karibu 1 kati ya 5. Hebu lifikirie hilo kwetu huku. Kipimo kimepangiwa kiwango chake kwa damu za watu ambao wengi wao sukari hiyo wanayo, kisha kinaletwa mahali ambapo wasio nayo ni wengi zaidi, na kwenye karatasi ya majibu hakuna hata mstari mmoja unaosema hivyo.

Kwa hiyo "chini ya 2" wakati uvimbe upo haikuwa habari njema. Ilikuwa taarifa kwamba kipimo hiki mama hakimhusu.

#8 Bi Shungi

Subhanallah. Vijiua vyote vile.

#9 Kisu na Uzi

Jioni njema. Mimi ni daktari wa upasuaji, jina na kituo niachieni. Nimetoka zamu, nitaandika kwa vipande.

Aliyesema hakuna anayetoka (#3), nakuelewa unatokea wapi, kwa sababu wengi wanafika wakiwa wamechelewa. Wanaogundulika wakati uvimbe bado unakatika ni kama 15 hadi 20 kwa kila 100. Lakini hao waliokatwa wana hesabu yao, usiwachanganye na wengine. Kule Ujerumani na Austria walifanya utafiti uitwao CONKO-001: wote wamekatwa, nusu wakapewa gemsitabini, dawa ya kemo, miezi sita, nusu wakaachwa waangaliwe. Waliofika miaka mitano walikuwa 20.7 kwa mia upande wa dawa, na 10.4 upande wa pili. Dawa ya kawaida tu, iliyopo hata hapa kwetu, ikazidisha mara mbili. Halafu mwaka 2018 Wafaransa na Wakanada wakatoa PRODIGE 24, wagonjwa 493, mchanganyiko mkali wa dawa za kemo uitwao FOLFIRINOX, uliopunguzwa makali kidogo, dhidi ya gemsitabini. Muda wa katikati wa kuishi ulikuwa miezi 54.4 dhidi ya 35.

"Muda wa katikati" watu wanausoma kama tarehe ya kufa. Wapange wagonjwa wote msitari mmoja kuanzia aliyeishi muda mfupi hadi mrefu, yule aliyesimama katikati ndiye huyo wa miezi 54. Nusu wako mbele yake, na wengine mbele sana.

Ila kuna jambo kuhusu PRODIGE 24 linalomhusu moja kwa moja mleta uzi. Mtu ambaye CA 19-9 yake baada ya upasuaji ilikuwa imezidi 180 hakuruhusiwa kuingia. Kwa nini? Kwa sababu namba ikibaki juu namna hiyo wakati uvimbe umeshatolewa na nyongo inapita vizuri, maana yake kuna mbegu zimebaki mahali ambapo skani haioni. Huyo hayuko kwenye mbio sawa na wenzake. Wamarekani walishaliona hilo kwenye utafiti wa RTOG 9704, matokeo ya 2008: waliobaki juu ya 90 baada ya kisu, hatari yao ya kufariki ilikuwa zaidi ya mara tatu ya waliokuwa chini.

Kwa hiyo mkuu, namba inayozungumza zaidi kuhusu Mzee kwenye karatasi zako zote si 1,136 wala si 61. Ni ile 22 ya wiki ya saba. Ilishuka ikaingia chini ya 37 na ikakaa humo. Hilo ndilo tunaloliombea kila tukifunga tumbo.

#10 Kisu na Uzi

Naendelea. Na ile ya kabla ya kisu?

Inasaidia, kwa sharti nyongo iwe imeshafunguka. Sukari hii ya CA 19-9 hutolewa mwilini pamoja na nyongo. Mrija ukizibwa inarudi kwenye damu, hata kama kilichoziba ni kijiwe. Nimeshaona mtu wa vijiwe vya nyongo ana 2,000, kijiwe kimetolewa, baada ya wiki chache ana 15, hana saratani wala nini. Ndiyo maana daktari wenu alisema muifute ile ya kwanza, na namsifu kwa kuisema waziwazi.

Namba iliyobaki juu ya 500 wakati macho yameshakuwa meupe inatufanya tusite. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2016 yaliiweka kama dalili kwamba hata uvimbe ukionekana unakatika kwenye picha, kibaiolojia unatia shaka, na wengi wetu tungeanza na kemo kwanza, kisu baadaye. Mzee wenu alikuwa 164, ndiyo maana akaenda moja kwa moja.

Huu ugomvi wa nyongo ni wa zamani kuliko kipimo chenyewe, kwa taarifa yenu. Walther Kausch alifanya upasuaji huu Berlin mwaka 1909, na Allen Whipple akaupa jina New York 1935. Mwanzoni Whipple aliufanya kwa awamu mbili: kwanza anaipa nyongo njia nyingine, anasubiri umanjano uishe, kisha ndipo anamrudisha mgonjwa kukata. Bila nyongo utumboni vitamini K haifyonzwi, damu haigandi, na wagonjwa wa njano walikuwa wanavuja damu mezani mpaka wanaisha. Stenti ya Mzee ni mjukuu wa ile awamu ya kwanza, ingawa siku hizi si kila mwenye manjano anawekewa.

Maswali yangu kwako: amepata homa ya kutetemeka siku za karibuni? Mrija wa nyongo ulioshonwa upya kwenye utumbo unaweza kupata maambukizi, na hilo nalo linapandisha namba. Amepungua uzito? Maumivu ya mgongo yapo? Na ripoti ya patholojia inasemaje?

#11 Tabibu_Asilia_Original

Kuna mzizi mmoja unachemshwa na asali, CA 19-9 inashuka ndani ya siku 21. Nifuate faragha.

#12 FundiDarubini

Mkuu #11, hiyo dawa yako ukiitoa kwa mtu ambaye stenti yake imefunguka jana, kweli itashuka, na hata ukimpa maji ya bomba itashuka. Na ini likichomwa na mizizi isiyojulikana, namba hupanda. Tuachie uzi wetu.

#13 Kigogo_cha_Mnazi

😂😂 Maji ya bomba.

Ila nina swali. Steve Jobs si aliishi miaka karibu minane na kansa hiyohiyo? Kwani yeye alipima nini?

#14 Kisu na Uzi

Yake haikuwa hiyohiyo. Jobs alikuwa na uvimbe wa seli za homoni zilizomo ndani ya kongosho, ukoo mwingine kabisa, unakwenda taratibu. Aligundulika 2003, akakatwa 2004, akafa 2011. Hii tunayoijadili hapa inatoka kwenye mirija ya kongosho. Ukisikia mtu mashuhuri "alipona kansa ya kongosho", uliza kwanza ni ipi. Hata CA 19-9 kwa ule wa homoni si kipimo chake.

#15 MtotoWaPongwe

Daktari, homa hamna. Uzito umepungua kilo mbili, lakini mwezi huu wote wa mfungo sita amekula, si haba. Mgongo hauumi. Anatumia vile vidonge vya vimeng'enya kila akila, akivisahau choo kinaelea.

Ripoti ya patholojia niliitafuta kabatini, iko chini ya hati ya kiwanja. Naandika kama ilivyo: tezi za limfu zilizochunguzwa 17, zenye saratani 2. Kingo: R0, umbali mdogo kabisa milimita 1.5. Daraja la kati. Kuna uvamizi wa mishipa ya fahamu.

Nakiri hatujawahi kuisoma hii karatasi. Tulipewa na bahasha, tukaona neno "kamili" tukafurahi.

#16 Kisu na Uzi

Hapo sasa. Kila mtu anaifahamu CA 19-9 kwa sababu ni namba moja, inaingia kwenye simu. Karatasi hii inakaa chini ya hati ya kiwanja, na ndiyo yenye maneno mengi zaidi.

Tezi 17 zimehesabiwa: vizuri, aliyekata na aliyechunguza wote wamefanya kazi. Ukiona zimehesabiwa 4 halafu unaambiwa hakuna yenye saratani, usishangilie, hawajatafuta. Mbili zenye saratani zinamweka kundi la kati, la tezi 1 hadi 3. Kuanzia 4 ni kundi jingine na hali ni ngumu zaidi. Kingo R0, yaani ukingo wa kipande kilichokatwa hauna saratani, tena kwa zaidi ya milimita 1, hilo ni zuri. Uvamizi wa mishipa ya fahamu upo kwa wengi wa ugonjwa huu, usikukoseshe usingizi wenyewe peke yake.

Yaani ukiniuliza Mzee anasimama wapi, nachukua tezi, kingo, daraja, 22 ya baada ya kisu, na kwamba alimaliza miezi yote ya kemo. Hilo la mwisho watu hulidharau.

#17 Mwana wa Ziwa

Nasoma udaktari, nina swali kwa Kisu na Uzi. Tunafundishwa habari za jini: KRAS, SMAD4, BRCA, hENT1. Hizi zina kazi gani kwa mgonjwa aliyekwisha kukatwa?

#18 Kisu na Uzi

KRAS imeharibika kwa kama 9 kati ya 10, kwa hiyo yenyewe kujua ipo haikutofautishii sana mgonjwa na mgonjwa.

SMAD4 inavutia. Johns Hopkins walichunguza maiti za wagonjwa 76, matokeo yakatoka 2009. Kama 30 kwa mia walikufa na ugonjwa ulioharibu palepale ulipoanzia, waliobaki na ulioenea mwili mzima, na uvimbe uliopoteza SMAD4 ulikuwa zaidi upande wa kuenea. Ni elimu nzuri, ila bado haijawa kitu cha kunibadilishia uamuzi kesho asubuhi.

hENT1 ndiyo iliyoniuma mimi. Ni mlango kwenye ukuta wa seli ambao gemsitabini hupitia. Seli yenye milango michache dawa inabaki nje. Uchunguzi wa vipande vya wagonjwa wa RTOG 9704, na baadaye wa ESPAC-3 huko Ulaya, ulionyesha wenye milango mingi waliishi zaidi wakipewa dawa hiyo. Ungetegemea leo kila mtu apimwe. Lakini ukitumia kingamwili nyingine kuipima hENT1 ileile, tofauti inapotea. Ni lile tatizo la FundiDarubini la mashine mbili, likiwa na vazi jingine.

BRCA ndiyo ya kuitilia mkazo. Miongozo ya Marekani tangu 2019 inataka kila mwenye saratani hii apimwe jini za kurithi, awe na historia ya ukoo au asiwe nayo. Ikipatikana hitilafu ya BRCA, inaelekeza kwenye kemo ya aina ya platinamu, na inawahusu watoto pia: matiti, ovari, tezi dume. Mleta uzi, shangazi zako wako salama?

#19 MtotoWaPongwe

Shangazi mmoja alikufa kwa titi akiwa na miaka 41. Hatukuwahi kuziunganisha hizi habari.

#20 Kisu na Uzi

Ziunganishe. Mwambie daktari wenu wa kemo kabla ya habari nyingine yoyote.

#21 Bi Shungi

Daktari, na mamangu je? Afuatiliwe kwa nini sasa, kama hii haimwoni?

#22 Kisu na Uzi

Dada, kwa mama skani na mwili wake mwenyewe ndivyo vipimo. CEA na CA 125, vipimo vingine vya damu, vinaweza kusaidia kwa baadhi ya watu wa aina yake, maana haviundwi kwa njia hiyo ya Lewis. Wajapani wana kingine, DUPAN-2, ambacho ni hatua moja kabla ya CA 19-9 na hupanda hasa kwa watu wasio na kile kimeng'enya. Huku kwetu sijakiona.

Wakikupendekezea kupima kundi la Lewis kwa chembe nyekundu, ujue kwa mgonjwa wa saratani linaweza kusoma hasi wakati jini iko sawa. Cha uhakika ni kupima jini yenyewe ya FUT3. Ila kwa mama sidhani unahitaji karatasi nyingine kukuambia unachokijua. Maumivu ya mgongo yatibiwe kikamilifu, kuna sindano ya kuzima mishipa ya fahamu nyuma ya tumbo, uliza. Usikubali dawa ya kupaka.

#23 Bi Shungi

Hiyo sindano hatujatajiwa. Kesho asubuhi niko mlangoni kwao. Shukran nduguyangu.

#24 Mpiga Mbizi

Nilichoandika #3 nakifuta. Sikujua. Mzee wangu alikufa na ugonjwa huu ndani ya wiki sita, nikadhani ndio wote.

#25 MtotoWaPongwe

Pole sana kaka, hujakosea kwa uliyoyaona.

Wakuu narudi na majibu. Juisi ya miwa imesimama, sukari imerudi 8. Maabara ya zamani wamepata vitendanishi, nikafanya alichosema FundiDarubini: damu imetolewa mara moja, chupa mbili, moja huku moja kule, nimezipeleka mwenyewe na bodaboda.

Maabara mpya: 55. Maabara ya zamani: 29.

Daktari wetu anasema 29 kutoka 24 si kitu cha kumkimbizia mtu kemo, na hata ingepanda kweli asingeanza dawa kwa namba peke yake; inaweza kutangulia picha kwa miezi kadhaa, kwa hiyo tunarudia baada ya wiki sita, mashine ileile. Skani iko palepale Alhamisi. Damu ya kupima BRCA wamechukua ya Mzee na yangu, na dada zangu wanakuja wiki ijayo.

Nilimpigia mama kumpa jibu. Nikamwambia, "Mama, ishirini na tisa." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Ya mashine gani?"